Texas wamefuta ukaguzi wa gari binafsi, sisi Uganda tuuanze wa nini?

Mtoto_wa_Malaba:
Wakubwa shikamoo, wenzangu habari. Jana naongea na binamu yangu yuko Houston ananiambia huko siku hizi hakuna tena mambo ya kupeleka gari kukaguliwa kila mwaka, tangu Januari 2025 wamefuta, gari yako binafsi ukishalipia usajili unaendelea na maisha. Nikacheka nikamwambia basi mmetufikia sisi, maana mimi na kaPremio kangu ka 2005 tangu nikatoe bondi (yadi ya gari zilizoagizwa) hapa Kampala hakuna mtu wa serikali ameinama chini yake hata siku moja, barabarani naulizwa permit na stika ya thadi pati basi. Sasa swali, kama Wamarekani na lami yao laini wameona ukaguzi hauna kazi, kwa nini huku kila baada ya muda inarudi ile stori ya gari zote zikapimwe na tulipie? Mnakumbuka ile ya SGS, kampuni iliyopewa kazi ya kukagua gari, kelele zilifika mpaka bungeni 2017. Au kuna kitu sikioni?

Nyumbani_Mbali:
Mdogo wangu, mimi niko Texas mwaka wa tisa, binamu amekupa nusu ya habari. Kilichofutwa ni ukaguzi wa usalama, breki, taa, waipa, honi, tairi, na ni kwa gari zisizo za biashara. Malori bado yanakaguliwa pale pale. Halafu pesa haijafutwa!! Ile dola 7.50 bado unailipa ndani ya usajili, wamebadilisha jina tu, na ukinunua gari mpya unalipa 16.75 ya miaka miwili kwa mpigo. Tena kama yuko Houston ile ni kaunti ya Harris, kupima moshi bado kuko, muulize vizuri. Sheria ilipita 2023, walioitaka walisema ukaguzi unakula muda wa watu bure na gari za siku hizi ni imara. Wenye vituo vya ukaguzi walipinga sana, wakaambiwa mnatetea matumbo yenu, na ni kweli walikuwa wanayatetea lakini mimi hapo kwenye haiwei kila wiki naona vipande vya tairi vimetapakaa najiuliza.

Fundi_Ndeeba:
Mimi ni makanika niseme ninachokiona. Juzi kaja kijana na Toyota Noah anataka nimfungie redio. Redio tu. Nikiangalia lile gurudumu la mbele kushoto limeegemea ndani kama mtu anaumwa mguu, nikamwambia ngoja kwanza tupige jeki. Nimeshika tairi juu na chini nikatikisa, inacheza mpaka unasikia ko ko ko. Kuchungulia, bol joint, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, imeisha na kuna fundi mwenzangu huko aliifunga na WAYA, waya wa kufungia uzio wa kuku jamani, na grisi yote imetoka imebaki vumbi jekundu. Huyo kijana kesho yake alikuwa anaenda Gulu na mama yake. Ile kitu ikichomoka ukiwa kwenye 100 gurudumu linalala na stelingi unabaki umeshika kama sahani.

Ndio maana hii ya Texas sio ya kuiga kirahisi. Barabara yetu inaua bushi, shokapu na bol joint haraka, mashimo ya Kampala nyote mnayajua, 2023 watu walifanya mpaka maonyesho ya mashimo mtandaoni. Gari ya Houston na ya huku hata kama zimetoka kiwanda kimoja mwaka mmoja hazizeeki sawa. Na asilimia kubwa ya wateja wangu wanakuja wakati gari imeshakataa kwenda, ikiwa inatembea basi kwao ni nzima.

Hajati_wa_Jinja:
Fundi unasema kweli ila nani atakagua? Mimi nina taksi mbili, hizo lazima zikaguliwe. Siku moja nilienda mwenyewe na dereva, kituo sikitaji, yule bwana hakutoka hata kwenye kivuli. Akauliza namba ya gari akaandika, akamuangalia dereva jinsi mnavyojua, tukarudi na karatasi. Taa moja ya breki ilikuwa haiwaki na tulienda nayo tukijua tutaambiwa turekebishe, nilikuwa na hela ya balbu kwenye pochi kabisa. Sasa ukaguzi wa namna hiyo ukiuleta kwa gari zote si unaongeza tu watu wa kukaa kivulini. Wakitaka wanishawishi, waanze na mashine isiyokula soda.

Kijana_wa_Entebbe:
Naongeza moja. Hizi gari tunaletewa zina uhusiano na hayo hayo. Japani wana ukaguzi wao unaitwa shaken, gari mpya inakaa miaka mitatu halafu kila miaka miwili unarudi, na ni ghali, kwa hiyo wengi wakiona tarehe inakaribia wanaona heri wauze. Zikiuzwa nyingine zinakuja kwetu. Sisi sheria ya 2018 inakataza kuingiza gari yenye miaka 15 au zaidi, sawa, lakini ikishaingia inaweza kukaa barabarani mingine 20. Yaani mlangoni tunauliza umri, ndani hatuulizi afya.

Na tairi je? Angalia ubavuni, kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Ikiwa 1214 ni wiki ya 12 mwaka 2014. Ile used inayong'aa pale sokoni wameipaka dawa tu.

Mtoto_wa_Malaba:
Nimetoka nje na tochi ya simu sasa hivi. Za mbele 3019, nikafurahi. Ya nyuma kulia 4511 🙆🏾 na hiyo niliuziwa mwaka jana nikaambiwa "bado mbichi kaka". Ya nyuma kushoto tarakimu ziko upande wa ndani nimelala chini sijaziona, mke wangu anauliza nimepoteza nini. Fundi, hiyo gereji iko upande gani wa Ndeeba, nikija Jumamosi asubuhi utanipigia jeki uangalie na mbele? Redio yangu ni nzima.

Fundi_Ndeeba:
Njoo mapema kabla ya saa tatu. Kutikisa ni bure. Hiyo ya 11 usije nayo mbio.