Mdogo wangu yupo jela huku Marekani, kaandika malalamiko akabambikiwa tiketi (shtaka la nidhamu la gereza). Naombeni ushauri

Binti Ujiji (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekaa na hii kitu kichwani wiki nzima nimeshindwa, nimeona bora nije huku maana najua kuna watu mpo Marekani miaka mingi na wengine mmepitia.

Tulikuja 2011 na wazazi kutokea kambi ya Nyarugusu. Mdogo wangu wa mwisho alikosea, sitaki kumtetea kwenye hilo, akala miaka 6 na ametumikia mitatu na nusu. Ndani hakuwa na shida na mtu, anafanya kazi jikoni, ana cheti chake cha sekondari alichosomea humohumo. Jimbo na gereza sitaji.

Sasa kuna msimamizi mmoja wa jikoni alianza kumwambia yeye na kijana mwingine wa Burundi waache kuongea "kinyani" wakiwa kwenye kuosha trei. Dogo siku zote humeza mambo, ila safari hii akaandika malalamiko rasmi, wenyewe wanaita grivansi. Siku ya 9 baada ya hapo, saa kumi alfajiri, wakaingia sero yake wakapekua wakatoka na kipande cha bati urefu wa kidole wanasema kilikuwa ndani ya godoro. Tiketi ya silaha hiyo. Dogo anasema lile godoro aliletewa siku 2 kabla, la zamani likachukuliwa bila sababu, na mwenzake wa sero aliliona linaingia tayari limepasuliwa pembeni.

Kikao cha nidhamu kilichukua kama dakika 12. Akaomba mwenzake wa sero aitwe atoe ushahidi, mwenyekiti akajibu "hahitajiki", basi. Siku 45 shimoni (sero ya adhabu, peke yake), kazi ya jikoni imekwenda, na siku 120 za gudi taimu (punguzo la kifungo) zimekatwa. Karatasi ya uamuzi alinitumia kwa barua, sehemu ya sababu ina mstari mmoja tu: ripoti ya ofisa inaaminika. Nukta.

Mama anauliza Jumapili zote mbona hapigi simu, namdanganya laini mbovu.

Maswali yangu: tunaweza kufungua kesi ya haki za kiraia? Wakili niliyempigia anataka dola 7,500 mkononi ndo aanze kusoma faili. Na je akishtaki si ndo watammaliza kabisa?

Kobe Mpole

Pole dada. Mimi nakupa ushauri wa kiutu uzima, muache amalize. Kabakiza miaka miwili na kitu, ukianza kushindana na serikali ukiwa ndani ya nyumba yake unatafuta nini. Anyamaze, asali, atoke.

Mkaanga Sumu

Kobe wewe kila uzi ni "anyamaze". Siku 120 ni miezi 4 ya maisha ya mtu. Ungekatwa mshahara wa miezi 4 ungekuwa umeshafungua nyuzi tano humu.

Karani wa Usiku

Dada pole sana. Nimefanya kazi kwenye ofisi ya mawakili huku miaka 8, sio wakili, chukua haya kama maneno ya karani.

Kabla hujaniuliza kitu kingine: kikao kilikuwa lini na kijitabu cha kanuni za gereza kinampa siku ngapi za kukata rufaa? Jibu hilo kwanza, maana mengine yote yanaweza kufa hapo. Tangu 1996 kuna sheria inaitwa PLRA, mfungwa haruhusiwi kupeleka kesi mahakama ya shirikisho kabla hajamaliza ngazi zote za malalamiko za ndani, na kumaliza maana yake kwa tarehe zao na kwa fomu zao. Kuna kesi ya mfungwa wa California, Woodford v. Ngo ya 2006, jamaa alichelewesha malalamiko yake, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema aliyechelewa hajamaliza, kwaheri.

Halafu hapa ndo watu wengi wanaanguka, dogo ana njia mbili na anatakiwa apite zote. Rufaa dhidi ya tiketi ni moja. Ya pili ni grivansi mpya kabisa inayosema "nimelipiziwa kisasi", imtaje aliyefanya, tarehe, na iseme ni kwa sababu ya grivansi ya tarehe fulani. Rufaa ya tiketi peke yake mara nyingi wanasema haihesabiki kwa madai ya kisasi, na akiwa na grivansi ya kwanza tu pia haitoshi, ile ilikuwa ya matusi, godoro lilikuwa bado halijaletwa.

Kuhusu kikao. Kesi mama ni Wolff v. McDonnell ya 1974, ilitokea Nebraska. Mfungwa anayekatwa gudi taimu lazima apewe taarifa ya maandishi ya tuhuma angalau saa 24 kabla, aruhusiwe kuleta mashahidi kama haihatarishi usalama, na apewe maandishi yanayosema ushahidi gani umetumika na sababu za adhabu. Haki ya kuwa na wakili hapo hana. Sasa kumkatalia shahidi kwa neno moja na kumwandikia mstari mmoja, hapo wana shida. Ila usiniambie bati halikuwa lake halafu ukafikiri umeshinda, kwa sababu kesi nyingine ya 1985, Hill, inasema uamuzi wa gereza unasimama kukiwa na ushahidi kidogo tu, na bati ndani ya godoro la sero yake kwao ni ushahidi. Agombane na utaratibu, asikomae na bati.

Sasa sehemu chungu. Zile siku 45 za shimo peke yake zisingemfikisha mbali, kwenye Sandin v. Conner ya 1995 mfungwa wa Hawaii alikaa shimoni siku 30 mahakama ikasema hiyo sio shida ya kupita kawaida ya jela. Kinachompa dogo haki ya kikao cha maana ni zile siku 120. Na hizohizo siku 120 ndo zinamzuia asidai fidia, maana kesi za Heck ya 1994 na Balisok ya 1997 zinasema kama ushindi wako ungemaanisha kwamba adhabu iliyoongeza kifungo ni batili, basi nenda kaibatilishe hiyo adhabu kwanza, ndo uje kudai hela. Na kurudishiwa siku zenyewe hakuombwi kwa kesi ya haki za kiraia ile ya kifungu 1983, ni kwa habeas (ombi la kupinga kifungo chenyewe), na unaanzia mahakama za jimbo. Nimeona watu wanalipa ada ya kesi wanakaa mwaka mzima halafu wanafutiwa kwa hili tu.

Madai ya kisasi ni kitu kingine, yanatoka kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Aonyeshe kwamba alifanya jambo linalolindwa (kulalamika kunalindwa), akafanyiwa kitu ambacho mtu wa kawaida kingemtisha asilalamike tena, na kwamba hiki kimetokana na kile. Siku 9 zinasaidia, ila siku peke yake ni nyembamba, zile habari za godoro kubadilishwa ndo nyama. Niambie uko jimbo gani maana kuna mahakama za rufaa, kama ile ya sakiti ya 8 (Missouri, Iowa, Minnesota na majirani zake), ambazo mfungwa akishakutwa na hatia kwenye kikao na kuna huo ushahidi kidogo, madai ya kisasi yameishia hapo. Sakiti ya 6, yaani Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee, walikataa hilo 2018 kwenye kesi ya Maben v. Thelen. Mfungwa wa Michigan alipimiwa chakula nusu kwenye laini akauliza, ofisa wa gereza akamwandikia tiketi ya kuleta fujo, gereza likamkuta na hatia, mahakama ikasema hatia ya kikao haifungi mlango.

Binti Ujiji

Karani Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Ni moja kati ya hayo manne uliyotaja mwisho, niishie hapo. Kijitabu anacho, rufaa ni siku 15. Kikao kilikuwa siku 10 zilizopita. Sikujua kabisa kama kuna saa inakwenda, mimi nilikuwa natafuta wakili.

Karani wa Usiku

Basi una siku 5, wakili atasubiri. Rufaa wewe huwezi kumsainia, aandike mwenyewe kwa mkono wake, kurasa mbili zinatosha: nilinyimwa shahidi jina lake fulani angesema hivi na hivi, sikupewa sababu, uamuzi hauelezi ushahidi. Anakili nakala ya pili kwa mkono, kila karatasi tarehe, na ofisa gani aliikabidhi. Kwa kesi za mahakamani kuna kanuni kwamba karatasi ya mfungwa inahesabika imefika siku aliyomkabidhi ofisa wa gereza (Houston v. Lack, 1988), lakini ngazi za ndani zina kanuni zao, asitegemee hilo.

Wewe leo hii andika barua kwa mkuu wa gereza, ya adabu, uombe video ya korido ya tarehe ya godoro na tarehe ya upekuzi ihifadhiwe. Kamera zinajifuta zenyewe. Itume kwa posta yenye risiti.

Mstaafu wa Kota

Mimi nilikaa ndani miaka 4 nimetoka 2019. Nitasema yale ambayo Karani hayajui kwa sababu hajalala kule.

Ukiwa shimoni hupati fomu kirahisi. Unaomba, ofisa anakwambia zimeisha, kesho hivyohivyo, unashtukia siku zimepita. Dogo aandike kwenye karatasi yoyote hata nyuma ya menyu, juu aandike RUFAA na "nimenyimwa fomu tarehe fulani na ofisa fulani". Mimi yangu niliandika kwa kile kikalamu kifupi laini cha shimoni, kinapinda kama tambi, maneno yanatoka kama ya mtoto wa chekechea, na ilipokelewa. Sheria ipo pia, Ross v. Blake ya 2016 inasema kama wao wenyewe wanakuzuia kwa hila au vitisho basi hiyo njia haikuwepo. Na 2025 kuna ya Michigan, Perttu v. Richards, mfungwa alidai ofisa alikuwa anachana grivansi zake, Mahakama Kuu ikasema kwa kura 5 kwa 4 kwamba kama hilo limefungamana na madai yenyewe, baraza la wazee wa mahakama ndo liamue, sio jaji peke yake.

Kulipiziwa tena: inawezekana, sitakudanganya. Mimi nilihamishwa gereza la saa 5 kwa gari kutoka kwa familia. Lakini mtu ambaye anapokea barua kila wiki na dada yake anaandika kwa mkuu wa gereza kwa adabu, wanamgusa wakifikiria mara mbili.

Mwisho, simu. Zinarekodiwa zote. Msijidanganye kwamba Kiswahili hawakijui.

Mwana Uvira

Yaya pole sana. Iyo ya simu ni ya kweli, mukubwa wangu walimuletea maneno yote alisemaga ku simu kwa Kiswahili, yote imeandikwa Kingereza mustari kwa mustari, ata mizaha.

Mgosi wa Tanga

Samahani naingia kama mgeni, hiyo gudi taimu ni kama ile theluthi anayokatiwa mfungwa huku kwetu akiwa na tabia njema?

Karani wa Usiku

Mgosi ndiyo, ndugu yake, ila hesabu zinatofautiana kila jimbo.

Binti, kuhusu hela. Mfungwa asiye na uwezo anaandika mwenyewe, ada ni dola 350, hasamehewi ila anakatwa kidogokidogo asilimia 20 ya kinachoingia kwenye akaunti yake kwa mwezi. Kesi 3 zikitupwa kwa kuwa hazina msingi anapoteza huo unafuu, kwa hiyo asikurupuke na kesi ya fidia kabla siku 120 hazijabatilishwa. Mawakili wanakimbia kwa sababu PLRA imeweka kikomo, ada wanayolipwa na upande ulioshindwa haizidi asilimia 150 ya fidia. Mfungwa akipewa dola 1, wakili anapata dola 1 na senti 50. Ndo maana anataka 7,500 kwanza, simlaumu. Jaribu kliniki za msaada wa kisheria za vyuo vya sheria. Na muda wa kufungua kesi yenyewe kwenye hayo majimbo manne, Kentucky na Tennessee ni mwaka 1, Ohio 2, Michigan 3. Uko wapi unajua mwenyewe.

Kobe Mpole

Nimesoma. Ile rufaa akate. Kesi bado nasema afikirie.

Binti Ujiji

Wakuu mrejesho. Nilituma barua ya haraka Jumatatu ileile, nikamwandikia yote kwa Kingereza tu bila mbwembwe. Jana kaseli wao (mshauri wa wafungwa), mwanamke mmoja mzuri, akamruhusu dakika 5 za simu. Kanisomea namba tu kama tulivyokubaliana: rufaa aliikabidhi siku ya 13, saa 2 na robo usiku, jina la ofisa kaliandika. Grivansi ya kisasi siku hiyohiyo, nakala anazo ndani ya soksi. Video mkuu wa gereza bado hajajibu ila risiti ya posta ninayo.

Halafu akauliza mama anaendeleaje, nikampa simu mama. Mama akamuuliza kama laini imetengenezwa, dogo akasema ndiyo, imetengenezwa.