Uzi: Hoja gani kuhusu kuwepo kwa Mungu iliwahi kukukaba? Wana Kusini tupeane uzoefu

Mwana_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Juzi tulikaa barazani hapa Mikindani baada ya isha, kahawa na kashata, watu watano. Mazungumzo yalianzia bei ya korosho yakaishia kwenye je, Mungu yupo, na utajuaje. Mmoja wetu alinyanyuka kwa hasira akaondoka pekupeku. Ndala zake ninazo mpaka leo.

Nikaona nilete huku, kwa masharti. Hatuhubiri, hatutukanani, na usitubandikie aya ishirini. Leta hoja moja tu, ya kuunga au ya kupinga, iliyowahi kukukaba wewe mwenyewe, utuambie ulikuwa wapi.

Naanza. Madrasa nilisoma kwa maalimu mmoja ambaye pia alikuwa na shamba la chumvi. Nilikuwa na miaka tisa, tunakariri sifa ishirini. Ya kwanza mnaijua: Wujudi, kuwepo. Nikauliza lile swali la watoto wote, na Mungu naye kaumbwa na nani? Nilikuwa nimeshakaza mgongo kungoja bakora. Maalimu akaniuliza, "Mama yako leo kapika?" Kapika. "Chumvi katoa wapi?" Nikasema ilikuwa imeisha, nilitumwa kuazima kwa jirani. "Na jirani?" Kaazima kwa wifi yake, nilimsikia akisema. "Sasa niambie. Kama mtaa mzima kila mmoja chumvi yake ni ya kuazima, hakuna hata mmoja mwenye yake, mchuzi wa mama yako ungekolea?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekula ule mchuzi, na ulikuwa umekolea.

Miaka mingi baadaye, chuoni, ndipo nikajua yule mzee alinipa Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, kwenye kibakuli. Ibn Sina (980–1037) hakujishughulisha sana na ulimwengu ulianza lini. Alisema kila tunachokiona kingeweza kuwepo na kingeweza kutokuwepo, yaani kuwepo kwake ni kwa kuazima, na waazimaji hata wakiwa hawana idadi hawatoshi kueleza kwa nini chumvi ipo. Lazima awepo ambaye kuwepo ni kwake mwenyewe: Wajibul-wujudi. Ghazali aliyekuja baadaye (alifariki 1111) alipita njia nyingine, ile ya kwamba kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha, na ulimwengu una mwanzo. Hoja mbili tofauti hizi, ingawa watu huzichanganya kila siku. Mimi hiyo ya Ghazali hainishiki sana. Ya chumvi ndiyo imenikaa kooni. Karibuni.

Mkulima_Tandahimba

Nipo pale nimekaa. Kwanza huyo wa ndala arudi, uzi haunogi bila yeye.

Mimi yangu fupi. Kila mwaka Mei na Juni nanunua salfa kabla sijaona ubwiri unga hata kwenye ua moja la mkorosho. Sijui kama ugonjwa utakuja, lakini usipokuja hasara yangu ni salfa, na ukija sijapuliza hasara yangu ni mwaka mzima na ada za watoto. Kijana mmoja mwalimu akanisikia nikieleza hivyo kilabuni akacheka, akasema mzee wewe ni Pascal. Nikadhani kanitukana. Kumbe ni Mfaransa wa miaka ya 1600, mtu wa hesabu, aliyesema hivyo hivyo kuhusu Mungu: akili haiwezi kukuamulia, kwa hiyo tazama dau. Ukiamini na hayupo umepoteza kidogo, usipoamini na yupo umepoteza vyote. Toka siku hiyo nakwenda kanisani bila kujisuta.

Chikundi_Stendi

Mzee wangu wa Tandahimba, shikamoo. Swali dogo tu: salfa unapulizia ubwiri unga, unajua adui yako ni yupi. Kwenye dau la Pascal unapulizia nini? Ukicheza dau la kanisani unaweza kulikosa la msikitini, na bibi yangu alikuwa na mbuyu wake ambao nao unataka unga. Madau ni mengi, mfuko mmoja.

Mkulima_Tandahimba

Marahaba. Mbuyu wa bibi yako haujanitishia moto, mwanangu. Napulizia penye hatari kubwa.

Fundi_Saa_Mtwara

Mleta uzi umenigusa. Nina meza yangu hapa mjini, natengeneza saa, na siku hizi zaidi simu. Mteja mmoja, mchungaji, kila akileta saa yake huniambia: fundi, wewe huwezi kuwa mpagani. Ukiokota saa njiani hutasema imejitengeneza. Na dunia je?

Mfano huo ni wa William Paley, kasisi wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha 1802. Kwa miaka nami niliurudia, hasa nikiwa nimefungua saa ya zamani ya kutia ufunguo na kuona lile gurudumu dogo linavyopumua. Ni kitu kizuri, wakuu.

Lakini sisi mafundi tuna ugonjwa mmoja, tukifungua kitu tunatafuta kosa la aliyekitengeneza. Mke wangu anauza pweza wa kukaanga jioni. Siku moja kijana anayesomea udaktari alikuwa anasubiri kikombe chake cha supu, akaniambia, mzee unajua jicho la huyu pweza limefungwa nyaya vizuri kuliko lako? Nikamwambia acha masihara. Akachora kwenye bahasha. Kwetu sisi mishipa inayopeleka habari kwenye ubongo imepita mbele ya utando unaopokea mwanga, kwa hiyo inabidi itoboe mahali fulani ipate kutoka, na pale mahali hatuoni kabisa. Kila jicho la mtu lina kitundu cha giza. Pweza mishipa yake imepita nyuma, kitundu hana. Akanifundisha kukijaribu: fumba jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye nukta, sogeza kidole polepole kuelekea kulia. Kidole changu kikapotea ncha. Nilikirudia hicho kitu mara kumi palepale, mafuta yanachemka, wateja wananitazama.

Kama fundi mwanafunzi angeniletea saa iliyofungwa hivyo ningesema hii imeungwaungwa na mikono mingi kwa muda mrefu, kila mmoja akitumia alichokikuta. Ndivyo Darwin alivyosema mwaka 1859, ila yeye mikono hakuiona kabisa. Na mwanafalsafa David Hume wa Uskochi alishaweka kwenye kitabu kilichotoka 1779 kwamba ukienda kwa kuangalia kazi peke yake, huenda mtengenezaji ni mungu mchanga aliyekuwa anajifunza akaiacha kazi. Miaka 23 kabla ya Paley!

Naswali bado, msinikimbie. Ila mchungaji wangu akirudia habari ya saa namtengenezea tu, najibu "hakika".

Nachingwea_Kwetu

Samahani nitakuwa mrefu na sitachekesha.

Nilikuwa darasa la sita. Wakati wa kuandaa mashamba, moto wa jirani ulivuka njia ukaingia kwenye kichaka. Kesho yake tulikwenda kuokota kuni zilizoungua. Nikamkuta mtoto wa paa. Alikuwa hajafa. Upande mmoja ngozi haikuwepo, kwato mbili zimeachana, na jicho lilikuwa linanifuata. Nikakimbia kumwita kaka yangu, kaka akasema yuko kazini na shoka, aje baadaye. Alikuja jioni. Bado alikuwa hai. Sijawahi kumwambia mtu ni muda gani ule, lakini tangu asubuhi jua halijawa kali mpaka kuku wanaingia bandani.

Nilipofika chuo mhadhiri akatoa hoja ya mwanafalsafa Mmarekani William Rowe ya mwaka 1979. Rowe anasema: mfikirie mtoto wa paa amenaswa na moto msituni, mbali na watu, anateseka siku kadhaa ndipo afe. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyejifunza kitu. Mungu mwenye uwezo wote na wema wote angeweza kulizuia hilo bila kupoteza jema lolote kubwa. Darasa zima waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Mtu ambaye hajakanyaga Nachingwea alikuwa anasimulia kichaka chetu.

Najua majibu yake. Kwamba sisi ni kama mtoto anayechomwa sindano, hajui sababu ya mama kumshikilia. Kwamba bila maumivu hakuna subira wala huruma. Hilo la pili linamsaidia mtu, paa hakuwa na muda wa kujifunza subira. La kwanza linanisumbua zaidi, kwa sababu mama anayemshika mtoto kwa sindano huwa anamwambia kitu sikioni. Hata asipoelewa anasikia sauti.

Siamini siku hizi. Sifurahii, ndivyo ilivyo.

Bi_Mkubwa_Lindi

Mwanangu wa Nachingwea, pole. Sina hoja ya kukupa. Marehemu baba alikuwa akihesabu umri wake kwa kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952, "mimi nilikuwa kijana wakati mabati yanaruka". Nyumba ya jirani mcha Mungu ilikwenda, ya mlevi ikabaki. Nilimuuliza baba, hukumkasirikia Mungu? Akasema, "Ningemkasirikia nani kama hayupo?" Sijui kama hiyo ni hoja au ni uchovu wa usiku ule, lakini huwa inanirudia kila redio ikitangaza kimbunga, na Mei 2024 Hidaya ilipokuwa inatusogelea ilinirudia usiku kucha.

Nachingwea_Kwetu

Ahsante mama. Hiyo nitaichukua.

Kijana_wa_Anselm

Mbona hakuna aliyeleta ile ya Anselm, mtawa wa karne ya 11? Mungu ni yule ambaye hakuna kikubwa kuliko yeye kinachoweza kufikirika, na aliyepo ni mkubwa kuliko wa kufikirika tu, basi yupo.

Chikundi_Stendi

Nami nafikiria kisiwa ambacho hakuna bora kuliko hicho, kiko mbele ya Msimbati, nazi zinaanguka zimeshakunwa. Twende na mtumbwi wako. (Mtawa Gaunilo alimjibu hivyo hivyo Anselm mwenyewe, minus nazi.)

Mtoto_wa_Mipingo

Yangu inahusu muda. Sisi tumekulia karibu na Tendaguru, alipotoka yule mjusi mkubwa, dinosaria. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na wazee wetu, vichwani na mabegani, mpaka bandari ya Lindi, na mwenyewe sasa kasimama Berlin. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Nilipofundishwa hiyo tarakimu nilikuwa mtumishi wa altare. Nikaduwaa: kama dunia iliandaliwa kwa ajili yetu, mbona mwenyeji kachelewa hivi kumwita mgeni?

Nilimpelekea padre. Hakunikemea. Akaniambia aliyeleta wazo kwamba ulimwengu mzima ulitanuka kutoka kwenye hali moja ndogo mno ni padre mwenzake wa Ubelgiji, Georges Lemaître, na kwamba huyo padre mwenyewe hakupenda watu waitumie hesabu yake kama ushahidi wa Mwanzo sura ya kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonibakiza kanisani. Swali la mgeni kuchelewa sijalijibu.

Chikundi_Stendi

Sasa narudi kwa mwenye uzi, maana hii chumvi mnaipita tu. Maalimu wako kakushinda ukiwa na miaka tisa, lakini hebu ifuate hiyo chumvi mpaka mwisho. Jirani, wifi, duka, shamba la maalimu mwenyewe, halafu? Bahari. Waazimaji wameisha, tumefika kwenye mwenye mali, na mwenye mali hajui jina la mama yako, hasikii dua, wala hana habari na mchuzi. Nakubali kuna kisichoazima. Nani kasema anaitwa Mungu? Mwanafalsafa Bertrand Russell alibishana redioni na Padre Copleston mwaka 1948, BBC Uingereza, akasema ulimwengu upo tu, basi. Na akaongeza: kila mtu ana mama, haina maana binadamu kwa jumla yao wana mama.

Fundi_Saa_Mtwara

Hapo umekata kamba.

Mwana_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu nilikaa kimya siku tatu kwa sababu ya Chikundi. Sikuwa na jibu. Jana nikamchukua binti yangu, yuko kidato cha pili, tukaenda kumjulia hali maalimu. Macho yamefifia, masikio mazima. Nikamsomea uzi wote, wa Nachingwea nikausoma mara mbili kwa amri yake, na alipousikia mara ya pili alinyoosha mkono nimpe maji, akanywa, hakusema lolote.

Nilipofika kwenye bahari akacheka. "Huyo kijana wa stendi anafaa. Bahari haikuazima."

Binti yangu akadakia, shikamoo hajamaliza vizuri: "Imeazima, babu. Tulifundishwa. Mvua inakwangua mawe bara, mito ndiyo inaleta chumvi baharini. Hata Ruvuma."

Mzee akageuza uso upande ilikotoka sauti. Akanyamaza kidogo, vidole vinatembea kwenye tasbihi.

"Haya. Na mawe?"

"Mawe hatujafika," akasema. "Labda muhula ujao."

Akamwambia aje amweleze wakifika. Chikundi, nawe umeitwa, Ijumaa baada ya swala. Na mwenye ndala apitie kwangu.