Waliowahi kuitazama muvi ya Marienbad mpaka mwisho, tupeane uzoefu

Kijiti cha Mwisho (mtoa mada)
Wakuu, kuna jamaa kwenye uzi mwingine anasema hakuna muvi iliyomvuruga kichwa kama zile za ndoto ndani ya ndoto. Huyo hajakutana na L'Année dernière à Marienbad, yaani "Mwaka Jana huko Marienbad". Mfaransa Alain Resnais aliitoa 1961, nyeusi na nyeupe, dakika 94, ikabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice. Hadithi yake unaimaliza kumsimulia mtu kabla daladala haijafika kituo kinachofuata. Mwanamume yuko kwenye hoteli kubwa ya kifahari, anamwambia mwanamke: tulikutana mwaka jana, ukaniahidi tutaondoka wote. Mwanamke anasema hakumbuki. Kuna mwanamume wa pili, mrefu, mwembamba, huenda ndiye mume, huenda siye. Basi, ndiyo hiyo.
Semeni mliiona wapi, kwenye diski gani, na ikawafanya nini. Wa kusema "inachosha" nao karibuni, ila wataje walifika dakika ya ngapi.

Ngosha Mtulivu
Ya kumi na tano. Nililala vizuri sana.

Chuma cha Reli
Umejitahidi mkuu. Mimi korido zilinimaliza kabla ya hapo.

Mama Wawili Kurasini
Uzi huu umenikumbusha mbali jamani. Shemeji yangu alituletea diski kutoka Marekani, Blu-ray ya Criterion, kampuni ya kule inayotoa muvi za zamani, ile ya 2009. Mume wangu ndiye mpenda mambo haya. Siku hiyo akaamua tuitazame na wageni, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bukoba. Soda zimepangwa, bisi zimekaangwa, diski inaingia kwenye deki, deki inaitema. Inaingia tena, inaitema. Kumbe diski hizi zimegawanywa kwa maeneo ya dunia: za Marekani ni kanda A na sisi Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya. Watoto wakaanza kuomba katuni.
Haikuishia hapo. Baadaye akapata ya Ulaya, ikakubali. Wageni wale wale, mama mkwe yule yule. Inaanza, kinanda kinalia, kile cha kanisani, mwanzo mwisho. Mama mkwe akavua miwani akauliza, "Nani kafariki?" Tukamwambia hakuna, ni muziki tu. Akanyamaza. Ikafika pale wageni wa hoteli wamesimama wote kama walivyo, hakuna anayepepesa jicho, mmoja kashika glasi hainywi. Jirani yetu, fundi wa simu, akasema diski imekwama hiyo. Akaitoa, akaifuta na kanga yangu, akairudisha. Wamesimama vile vile. Akaifuta tena! Mume wangu anaeleza kwamba ndivyo ilivyo, ni sanaa, wameambiwa wasimame. Fundi anamtazama kama mtu anayetetea mzigo mbovu. Halafu yule msimulizi akaanza kurudia maneno yale yale ya korido na mazulia, fundi akasema "Si mnaona? Inaruka, ina mchubuko."
Mama mkwe alikwenda kulala. Asubuhi akamwita mwanawe pembeni, akamuuliza kama kazini kwao kuna shida yoyote.

Kijiti cha Mwisho
😂😂 Fundi wa simu apewe maua yake.

Buja Rohero
Huyo dada amenivunja mbavu. Mimi niko Bujumbura, Kifaransa tumekula tangu shule, na nawaambia tabu siyo lugha. Kifaransa chake ni chepesi sana. Sikilizeni hata lafudhi ya yule msimulizi, Giorgio Albertazzi, ni Mtaliano kabisa, na inamsaidia: anaongea kama mgeni anayelazimisha habari zake ziaminike. Sasa nina swali kwa wenye diski. Mnasikiliza sauti gani? Ile ya Criterion ina mbili, iliyosafishwa na ya asili isiyoguswa. Ya asili iliwekwa kwa matakwa ya Resnais mwenyewe.

Spika Kubwa
Isiyoguswa ni mkwaruzo mtupu. Nimenunua deki na spika za maana nije kusikiliza vumbi la 1961? Hapana.

Buja Rohero
Ukiosha sana unaondoka na sauti za watu. Mzee aliitengeneza yeye, alijua anachosema.

Spika Kubwa
Wazee hawasemi kila kitu sahihi. Na hiyo ya 2009 imeshapitwa. 2018 picha ilisafishwa upya kwa 4K, ung'avu wa juu kabisa, na Chanel, wale wa mitindo wa Paris, wakachangia kwa sababu nguo kadhaa za yule mwanamke wa kwenye muvi zilitoka kwao. Tazama hiyo, zile rangi za kijivu utaona zimepangika. Kampuni ya StudioCanal wametoa diski, ni ya Ulaya, deki zetu zinaikubali.

Buja Rohero
Nimeuliza sauti, unanijibu nguo.

Mpiga Picha wa Harusi
Tuacheni sauti. Mimi kilichoniua ni bustani. Watu wamesimama wana vivuli virefu chini, miti na vichaka havina. Nilirudisha nyuma nikidhani macho yangu. Vivuli vile walivipaka rangi chini! Siku hizi mtu anafanya hivyo kwa kompyuta anajiita fundi. Mpiga picha wao, Sacha Vierny, alinifanya nione aibu kuhusu albamu zangu. Na ushauri kwa wote: kwenye TV zima ile kitu ya kujaza kioo. Picha ni pana, ina mistari myeusi juu na chini, iache. Ukiivuta, nguzo zote zinakuwa nyembamba na Delphine Seyrig, yule mwigizaji wa kike, anakuwa mrefu kama mlingoti, ni dhambi hiyo.

Ngosha Mtulivu
Jengo lenyewe liko wapi? Hicho tu nataka kujua.

Mpiga Picha wa Harusi
Ujerumani, makasri ya Munich na jirani zake, Nymphenburg na Schleissheim. Wameyaunganisha, ndiyo maana mlango mmoja unatokea pasipoeleweka. Mji wenyewe wa Marienbad hawakufika kabisa.

Hesabu za Jioni
Nashangaa hakuna aliyetaja mchezo wa vijiti vya kiberiti. Vijiti 16, safu nne: 7, 5, 3, 1. Unachukua unavyotaka kutoka safu moja tu, anayebaki na cha mwisho kafungwa. Yule mrefu (Sacha Pitoëff) anamfunga kila mtu. Mkuu, huo ni wa hesabu tupu. Ukianza wewe na mwenzio anajua, umekwisha.

Chuma cha Reli
Uongo. Mimi naanza na nashinda kila siku hapa kijiweni.

Hesabu za Jioni
Unacheza na wasiojua.

Chuma cha Reli
Njoo Tandika Jumamosi. Soda mbili mezani.

Hesabu za Jioni
Nakuja. Na utaanza wewe.

Binti wa Pangani
Samahani mtoa mada kama natoka nje ya mada, lakini nimesoma mwanzo wa uzi mwili ukanisisimka. Sijaiona hiyo muvi. Yaliyomo yamenitokea.
Nilikuwa kwenye harusi Tanga mjini, ukoo wa rafiki yangu. Akaja mwanaume, kavaa kanzu, mstaarabu, akanisalimia kwa jina langu. Akasema, "Hatimaye. Uliniambia nisubiri mwaka." Nikamwambia umenifananisha. Akatabasamu. Akasema tulikutana Mombasa, nyumbani kwa mtu, barazani, nilikuwa nimevaa leso ya zambarau na nilikuwa na kidonda kidole cha mguu. Mombasa nilikwenda kweli mwaka ule. Leso ya zambarau ninayo. Kidonda nilikuwa nacho, nilijikwaa. Ila yeye simkumbuki, wala hiyo baraza, wala hayo mazungumzo.
Nikamwita rafiki yangu tuliyesafiri naye. Akasema hajawahi kumwona mtu huyu. Yule mwanaume hakugombana, hakuomba namba, hakuomba chochote. Akasema tu, "Basi nitakukumbusha." Wiki iliyofuata akaleta picha. Ni mimi, nimekaa, nacheka na mtu ambaye haonekani.

Chuma cha Reli
Weweee

Spika Kubwa
Tapeli huyo. Ana mtu wake ndani ya familia anampa taarifa.

Mama Wawili Kurasini
Dada malizia, chakula kinaungua huku.

Mganga wa Vitabu
Mambo ya Pangani hayo, oga maji ya bahari alfajiri.

Binti wa Pangani
Huyo ndiye baba wa wanangu. Tuna miaka mingi. Mpaka leo yeye anasema tulikutana, mimi nasema hatukukutana, na tukigombana hilo ndilo linaanza.

Ngosha Mtulivu
Nimeamka kabisa.

Mganga wa Vitabu
Sasa niwaambie kitu kizito. Muswada wa muvi aliuandika mwandishi Alain Robbe-Grillet, na aliutoa kuwa kitabu mwaka ule ule. Kwenye maandishi yake, mwanamume anamwingilia mwanamke kwa nguvu. Resnais alikataa kuipiga picha sehemu hiyo. Badala yake kamera inamkimbilia mwanamke tena na tena, naye amefungua mikono, mwanga umezidi mpaka picha inaungua. Kwa hiyo tunapocheka hapa tukumbuke, mwanamume anayekuambia "unakumbuka" mpaka ukubali si lazima awe mpenzi. Dada, samahani, sikusemi wewe.

Binti wa Pangani
Umenisema, ila sijakasirika. Nimewahi kuliwaza hilo.

Spika Kubwa
Muacheni dada wa watu. Atafute hiyo picha aipeleke kwa Mpiga Picha wa Harusi aichunguze vivuli.

Mpiga Picha wa Harusi
Tuma, sitozi.

Mama Wawili Kurasini
Mimi nasema usiichunguze. Ndoa inakwenda, watoto wapo, ya nini?

Buja Rohero
Aichunguze. Na watazame muvi wawili, kwa sauti isiyosafishwa.

Mama Wawili Kurasini
Wakiitazama wawili wataachana. Nawaambia kwa uzoefu, sisi tulinusurika.

Ngosha Mtulivu
Kwa Mwanza inapatikana wapi? Naomba ya flashi, deki sina.

Kijiti cha Mwisho
Flashi usiguse, utapata ya tafsiri ya chini inayochelewa, mtu ameshaondoka ndipo maneno yake yanakuja. Ingawa kwa muvi hii sidhani kama utagundua.

Binti wa Pangani
Mume wangu mwenyewe amerudi kutoka kazini, nimempa simu asome uzi wote. Anasema haikuwa Mombasa. Ilikuwa Malindi.

Chuma cha Reli
Malindi uliwahi kwenda?

Binti wa Pangani
Sijawahi.