Utafiti wa dawa ya mzio: kwa nini wanachokoza pua yangu makusudi?

PuaNzito: Wakuu, nimejiandikisha kujaribiwa dawa ya mafua ya chavua. Wiki nzima kabla nimekatazwa vidonge vyangu. Jana muuguzi kanipulizia chavua ya nyasi tundu la kulia, nikapiga chafya 11, naye anachora kijistari kwa kila moja. Nataka kutupa karatasi niliyofutia makamasi, akanidaka mkono: inaenda kwenye mizani! Na baada ya wiki kadhaa tunarudia yote. Si wangenipa dawa niende nayo nyumbani, kisha niwaambie kama imenisaidia? Halafu jioni pua ikaziba tena, na hakuna aliyenipulizia kitu.

Kijistari: Nyumbani leo chavua imejaa hewani, kesho mvua inaisafisha. Ukipata nafuu utajuaje ni dawa au mvua? Pale kiasi cha chavua wanakijua. Karatasi ilipimwa ikiwa kavu, ikipimwa tena, uzito ulioongezeka ni makamasi yako. Duru moja utapewa dawa, nyingine dawa bandia, yaani inayofanana nayo lakini haina tiba ndani. Wewe hujui ipi ni ipi, na muuguzi hajui. Katikati wanaiacha pua itulie, maana iliyochokozwa karibuni huwaka haraka zaidi. Na usijione mnyonge: Charles Blackley, daktari wa Manchester, alijitia chavua puani mwenyewe, kitabu chake kikatoka 1873.

MamaDawa: Hiyo ya jioni ndiyo muhimu, ndugu yangu. Chafya na muwasho wa dakika za mwanzo ni kazi ya histamini, kemikali ambayo mwili wako hutoa ukikutana na chavua. Saa 4 hadi 8 baadaye huja kundi jingine la seli za kinga, ndipo pua inavimba kwa ndani. Vidonge vya antihistamini hukata chafya vizuri, kuziba haviwezi sana. Steroidi ya kupuliza, dawa ya kutuliza uvimbe, hugusa yote mawili, ila huchukua siku kadhaa kukolea. Kwa hiyo andika saa pua ilipoziba. Na usithubutu kutumia dawa ya kuzibua pua kimyakimya.

PuaNzito: Mama, ungeniambia jana. Nilipuliza mara mbili kabla ya kulala.

MamaDawa: Wapigie sasa hivi, kabla hawajaandika namba zako.

PuaNzito: Nimewapigia. Sikugombezwa. Wameuliza jina la dawa na saa niliyopuliza, wakasogeza siku yangu mbele. Chafya 11 zote zimeenda bure.