Vitz ya cc 990 na Premio ya cc 1790: kwa foleni ya Kimara–Posta ipi inakula kidogo?

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Nina Vitz cc 990, pistoni 3, ya 2007. Asubuhi Kimara–Posta, jioni narudi, na kila Desemba naipandisha Mbeya na familia. Wakati nainunua niliambiwa hii mafuta inanusa tu. Sasa sipati zaidi ya kilomita 9 kwa lita! Jirani anauza Premio cc 1790, anasema injini kubwa haijikamui kwa hiyo inakula kidogo. Nimeshaanza kumwamini. Nishaurini kabla sijaiuza Vitz.

Mla Foleni
Jirani anauza gari mkuu, ulitegemea aseme nini? Premio nimekaa nayo miaka mitatu, haina shida, lakini foleni ya Ubungo umesimama, AC inapiga, cc 1790 zinameza tu na hujasogea hata hatua. Injini inayonguruma bila kwenda popote, kubwa inakunywa zaidi. Hapo hakuna ubishi.

Wa Nyanda za Juu
Jirani hajakosea yote lakini. Nimepanda mlima Kitonga, njia ya Mbeya, na Vitz kama hiyo, watu watano, mabegi juu ya keria. Mguu mpaka chini, gia ya pili, injini inalia kama cherehani, nyuma lori linanipigia honi. Ile faida ya cc ndogo yote iliishia kwenye kona zile.

Fundi Tabata
Wote mko sawa. Injini ya petroli ukigusa pedali kidogo, klapa ya hewa inajibana, na injini inapoteza nguvu kwa kuvuta hewa tu. Kubwa ikiwa mjini iko hivyo kutwa nzima. Ndogo kwa kazi ileile inafungua klapa zaidi, ndiyo inaokoa. Ukiikandamiza mpaka chini mlimani, kompyuta ya gari inaongeza mafuta, tofauti inapungua.
Ila kilomita 9 kwa Vitz hiyo si cc, huo ni ugonjwa. Mtoa mada, iliwahi kuchemsha? Themostati ipo, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto?

Mtoa mada
Ilichemsha mwaka jana. Fundi akatoa kitu akasema Dar kuna joto, hakihitajiki. Na kwenye dashibodi kuna taa ndogo ya bluu, nikitoka Kimara inawaka mpaka Magomeni. Nilidhani ni urembo.

Fundi Tabata
Hahaha! Hiyo taa inasema injini bado ya baridi. Ikiwa baridi kompyuta inamwaga mafuta ya ziada, na wewe unasafiri hivyo karibu safari nzima. Rudisha themostati, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) badala ya maji ya bomba, angalia plagi, breki zisibane, matairi upepo. Halafu pima fuli kwa fuli, acha kukadiria kwa mshale.

Mtoa mada
Mrejesho baada ya wiki mbili. Themostati mpya, plagi 3, upepo. Taa ya bluu inazima kabla sijafika Ubungo. Nimejaza fuli, nikatembea kilomita 322, nikajaza tena, zimeingia lita 24, yaani kama kilomita 13.4 kwa lita. Vitz siuzi. Desemba mabegi yatapanda basi.

Wa Nyanda za Juu
Safi. Mimi Kitonga napanda kila wiki. Hiyo Premio ya jirani anataka bei gani?