Edita ya levo za gemu ya muziki: kugonga kibodi, mausi au kugusa skrini?

dagaa_kauzu
Mwangaluka wadau. Natengeneza gemu ya kugonga noti kwa kufuata wimbo, njia nne zinashuka toka juu, natumia Godot, ile programu ya kutengenezea magemu. Gemu yenyewe inapiga fresh, shida ni edita ya kutengenezea levo maana nataka hata mtu asiyejua kuprogramu achukue wimbo wake apange noti mwenyewe. Kwa sasa unabofya mausi kwenye gridi, au Z X C V kwa zile njia nne. Mshkaji wangu wa Buzuruga kaijaribu anasema bora wimbo ucheze tu, yeye agonge kibodi na noti zijipange. Nyimbo za kuanzia ni singeli na ngoma za Kisukuma za bugobogobo zilizorekodiwa Bujora, Mwanza. Nyie mngechagua ipi? Na watu wa simu niwafanyeje?

fundi_wa_igoma
Mshkaji wako yuko sahihi nusu. Kugonga live kunaleta mnato ambao mausi haiupati, levo ya mausi tupu inanyooka mpaka inaboa, ila ukiitoa mausi utasahihishaje? Kibodi iwe ya rasimu, mausi ya marekebisho: kushoto kuweka, kulia kufuta, gurudumu kutembea ndani ya wimbo. Watu wameshazoea hivyo.

Halafu hizo Z X C V toa leo leo. Ctrl+Z kurudisha, X kukata, C kukopi, V kupesti, yaani umekalia vitufe vinne ambavyo edita yoyote inavitaka 😂 Weka D F J K, gemu nyingi za njia nne kwenye kompyuta ndo zinatumia hizo, vidole viwili kila mkono na dole gumba linabaki huru kwa spesi ya kucheza na kusimamisha. Noti ndefu: kitufe kikibonyezwa ni mwanzo, kikiachiwa ni mwisho, na uangalie is_echo() ya Godot, inayosema kitufe kimejirudia chenyewe, uipuuze, kwasababu mtu akishikilia kitufe kompyuta inakirudia yenyewe utakuta noti moja imezaa ishirini.

binti_kirumba
Kwa singeli jiandae na kuchelewa kwa sauti. Wimbo wa BPM 200 (biti 200 kwa dakika) biti moja ni milisekunde 300, robo ya biti 75. Sasa earphone za Bluetooth zikichelewesha 150, na zipo zinazozidi hapo, hizo ni robo mbili kamili. Mtu anagonga sawasawa na anachosikia, gridi inaivuta noti kwenye mstari ulio karibu, inakaa vizuri kabisa kumbe mstari sio wake, na kwa macho huwezi kujua. Kabla ya kurekodi mpe kipimo, tik tik tik agonge kwa muda kidogo, panga tofauti za muda kati ya tik na alivyogonga, chukua ya katikati (sio wastani, pigo moja bovu linaharibu wastani) uitoe kwenye kila noti. Pia usevu muda halisi aliogonga, gridi ikae juu yake tu, akitaka kuhama toka robo kwenda theluthi asirudie kugonga upya. Na weka spidi nusu kaka, BPM 200 ikishuka 100 hata mimi nagonga.

Bugobogobo ni kesi nyingine. Wale hawapigi kwa metronomu, mori ukipanda na mwendo unapanda, kwahiyo BPM moja wimbo mzima haikai. Tenga kitufe kimoja cha kugonga biti zenyewe, tuseme T, edita iwe inaweka alama za mwendo njiani, noti baadae.

dagaa_kauzu
D F J K nimeshabadili. Ila kwenye kibodi ya dukani ya USB nikigonga tatu kwa mpigo moja haitokei, ni kodi (code) yangu au?

fundi_wa_igoma
Ni kibodi. Za bei rahisi vitufe vinashea waya kwa mistari na safu, kuna mchanganyiko wa vitatu haisomi kabisa. Huwezi kuirekebisha kwa kodi, waachie watu wachague vitufe vyao, na uweke taa nne ndogo kwenye mipangilio waone kipi kinasomeka.

wa_kamanga_feri
Naongelea simu maana huku wengi ndo wataanzia huko. Gridi ya mausi usiilete kwenye simu, kidole kinafunika noti yenyewe. Sehemu nne pana chini ya skrini za kugonga live, kisha unachagua noti unaisogeza nyuma au mbele kwa vitufe viwili vikubwa, basi. Na usitumie Button ya kawaida ya Godot, haipokei vidole viwili kwa pamoja, tumia TouchScreenButton. Ukiwa tayari tupia apk hapa, simu yangu imechoka kweli, ikikubali kwangu itakubali kokote.