Miaka saba Krismasi ni Rombo tu. Mwaka huu nataka kwenda kwa mama Bukoba, nafanyaje?

Senene Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na tafadhali tusitukanane makabila, maana najua uzi utaishia wapi nikishasema mume wangu ni Mchagga na mimi ni Mhaya.

Tuna miaka saba ya ndoa, watoto wawili, wa miaka sita na mitatu. Tunaishi Dar. Tangu niolewe sijala Krismasi kwetu hata moja. Kila mwaka ikifika tarehe 21 au 22 tuko stendi ya Mbezi na mabegi, safari ya Rombo, Kilimanjaro. Mume wangu ni kitinda mimba, na wanaojua mila za kule wananielewa: nyumba ya wazazi ni yake. Kwa hiyo ndugu wote waliotawanyika Arusha, Mwanza hadi Nairobi wanashukia kwetu. Mwaka jana nilihesabu vichwa 27. Mimi ndiye mama mwenye nyumba, ndiye wa kuamka saa kumi na moja kumenya ndizi, na utomvu wake narudi nao Dar kwenye kucha mpaka Januari.

Silalamikii kazi. Wale watu nawapenda. Shida ni mwaka huu. Baba alifariki mwezi wa sita, tukamzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba, mama amebaki na binti wa kazi tu. Juzi kanipigia kuhusu senene, wale panzi wetu wa kuliwa: "Senene wameanguka wengi. Nimewanyonyoa mwenyewe, nimewakaangia wajukuu, nimewaweka kwenye kopo la Blue Band. Mtawafuata lini?" Nikamjibu nitamtuma mtu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi sawa," akakata. Mama yangu kuaga tu huchukua dakika tano, hajawahi kukata simu namna ile.

Nilipomweleza mume akasema tumtumie laki tatu na hela ya mbuzi. Nikamwambia mwaka huu ni zamu ya kwetu, akajibu Krismasi haina zamu na nyumba ya baba yake haiwezi kukutwa na kufuli. Nikasema basi mama aje Rombo. Huyo naye kakataa: "Nikalale kwa wakwe kama nani?"

Bajeti yetu ni milioni moja na nusu, na kwenda kote kuwili haitoshi. Halafu nina duka la sare na madaftari, tarehe 2 Januari lazima niwe dukani, ndiyo mavuno yangu ya mwaka. Nawasilisha.

Mangi wa Buguruni

Shimeji, umeingia ndoa ya watu wanaokwenda kuhesabiwa kila Desemba halafu unaomba udhuru! 😂

Sasa bila utani. Watu wanadhani tunapanda mlimani kula ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na kunywa mbege, pombe ya ndizi. Kwetu Desemba ndiyo ukoo unakaa. Mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, inazungumzwa pale, ada ya mtoto wa marehemu kaka inachangwa pale, kijana anayetaka kuoa anasikilizwa pale, makaburi yanasafishwa. Mwenye nyumba asipokuwepo hicho kikao kinafanyikia wapi? Mume wako yuko sahihi kabisa kwamba YEYE hawezi kukosa. Kama na wewe huwezi kukosa, hapo sina uhakika. Ila jiandae, utaambiwa umemgeuza mtoto wa watu.

Mpwa wa Mtu

Dada beba watoto ondoka. Hela ya nani? Duka si lako? Wanaume wengine bila kuachiwa nyumba hawaelewi.

Senene Mkavu

@Mpwa wa Mtu asante, ila sijaja kuvunja nyumba. Ni mume mzuri. Kwenye msiba wa baba alilala nje kwenye turubai siku nne na mashemeji zake.

Mama Wawili

Mimi ni Mnyakyusa, nimeolewa Kibosho, mwaka wa kumi na moja huu. Nimeosha masufuria ya kule mpaka nayajua kwa majina.

Kosa lako ni kupitishia jambo kwa mume. Mwanaume wa Kichagga mbele ya mama yake ni mtoto wa darasa la pili. Unampa ujumbe mzito aupeleke, anaufikisha nusu, au haufikishi kabisa, anakuja kukwambia "nyumbani wamekataa." Nani kakataa? Hajauliza mtu! Mpigie mama mkwe mwenyewe, kwa sauti yako, na upige mapema, kabla hajaanza kugawa kazi za sikukuu. Ukisubiri mpaka tarehe 20 utakuwa umemharibia ratiba, na hapo hata kama una haki utakuwa na makosa.

Naye mama mkwe aliolewa akaacha mama yake mahali. Usisahau hilo.

Kaka wa Mbali

Samahani kuuliza, kwani mama yako hana watoto wengine? Mbona mzigo wote wako?

Senene Mkavu

Yupo kaka yangu, anafanya biashara Mutukula mpakani. Sikukuu ndiyo siku zake za kuuza, atafika tarehe 26 jioni. Kwa hiyo mkesha na siku yenyewe mama yuko peke yake. Baba ndiye aliyekuwa akimshika mkono kwenda misa ya usiku pale Kashozi, parokia ipo tangu 1892 lakini njia ya kutoka kwetu kwenda pale ni ileile, giza na migomba.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha njia hiyo miaka mingi, ngoja niseme la safari, mengine mtamalizana wenyewe.

Dar hadi Bukoba ni kama kilomita 1,400. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, gari linaunganisha: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Muleba, mko Bukoba. Kwa mtoto wa miaka mitatu usifanye hivyo. Chukua treni ya SGR hadi Dodoma, lala, kesho panda basi. Au pitia Mwanza ukapande meli: MV Victoria inaondoka jioni, asubuhi mnaamkia Bukoba, watoto wamelala vizuri kuliko kwako. Mkipenda barabara kutoka Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko tuliyokuwa tunaoga jua haipo tena.

Usijidanganye kwamba mtakula Krismasi Rombo halafu mkimbilie Bukoba. Kutoka Himo mpaka kwenu na watoto ni siku mbili za kweli, na magari yote yatakuwa yamejaa. Pia mlipie mtoto kiti chake. Kondakta atakwambia mpakate, na wewe utakubali kuokoa elfu kadhaa. Ukifika Singida utatamani kumpa nauli mara mbili.

Ingo Dada

Huku Kenya ni vivyo hivyo, Desemba lazima ushago, yaani kijijini. Mimi na mzee wangu tulikubaliana Krismasi Kakamega kwao, Mwaka Mpya Machakos kwetu. Ilifanya kazi miaka miwili. Mwaka wa tatu nauli ikapanda tukabaki Nairobi, tukapika chapati na majirani, na wazazi wote wawili wakanuna 😅

Niko Ruwi

Nimesoma huu uzi nikiwa jikoni kwa watu. Nafanya kazi za ndani Muscat, mwaka wa nne. Krismasi huku ni siku ya kazi kama nyingine. Nikipata ruhusa nakwenda kanisani Ruwi, nisipopata naivaa tu ile gauni nzuri ndani ya chumba changu dakika kumi halafu naivua.

Mwaka juzi dada yangu aliegemeza simu kwenye jagi la juisi ili niione meza ya nyumbani. Simu ikateleza ikalala chali. Nikawa naangalia mabati ya jikoni kwa mama, na lile tundu ambalo tangu niko shule linasemwa litazibwa. Hakuna aliyegundua. Sikuwashtua, kwa sababu nilikuwa nasikia vijiko, nasikia mama anamgombeza mtoto asiye wake. Robo saa nzima.

Siwezi kukushauri ya ndoa. Ila kama nauli unayo na mama anapokea simu, mimi ningekuwa nimeshafika.

Kijukuu cha Pangani

Mimi Mwislamu, nisiwe mgeni wa uzi. Mtaani kwetu kila tarehe 24 naitwa kuwachinjia majirani, kuku hadi mbuzi, ili sote tule. Mwaka jana nilichinjia nyumba sita, nimerudi mke ananiuliza mbona wewe hujala. Dada nenda kwa mama. Naomba na bei ya senene.

Meku wa Tarakea

Binti, mimi ni mzee wa huko huko Rombo, wajukuu ndio wamenifundisha humu. Nimesoma yote. Umeanza vibaya, na si kwa nia.

Ulimwambia mumeo "zamu." Zamu ni maneno ya foleni ya maji. Ukidai zamu, naye atadai yake, mtahesabiana mpaka kesho. Wewe hapa huna la zamu, wewe una msiba. Baba hajatimiza mwaka kaburini, na mjane wake anaingia Krismasi ya kwanza peke yake. Hilo hakuna mzee wa Rombo mwenye akili atakayelipinga, kwa sababu na sisi waliokufa tumewazika kihambani, tunapita kando yao kila siku kukata majani ya ng'ombe. Liseme kama msiba, uone nani atakataa.

Zamani aliyekosa alikuwa anakwenda kuomba radhi na jani la isale, na ukiletewa isale huwezi kumrudisha mtu. Wewe hujakosa, usibebe. Lakini heshima ibebe. Na huyo kijana mwache akae na nyumba yake. Mwaka mmoja mke kutokuwepo haibomoki. Ndizi watamenya wenyewe, wana mikono.

Mangi wa Buguruni

Meku kamaliza. Mimi nafunga mdomo nakwenda kukata tiketi kabla hazijaisha.

Senene Mkavu

MREJESHO wakuu.

Nilimpigia mama mkwe Jumapili baada ya misa. Sikusema zamu. Nikamwambia: mama, tarehe 23 baba yangu anatimiza miezi sita, na mama yangu tangu aolewe hajala Krismasi bila yeye. Kimya. Nikawa nasikia kuku wake. Nikajua nimeharibu.

Akasema, "Sasa mpaka leo ndiyo unaniambia? Sisi huku hatujui kufiwa?" Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Sufuria kubwa uliweka wapi?" Nikamwambia liko stoo, juu ya magunia ya ulezi. "Na ule mwiko mrefu?" Nyuma ya mlango. "Basi nenda."

Mume alinuna siku mbili, ya tatu akaja na tiketi. Viti vitatu, hadi wa mdogo, treni mpaka Dodoma. Ushauri wa Dereva neno kwa neno. Nikamwangalia, akasema eti kasikia tu kwa watu. Kama unasoma hapa baba watoto, nakuona.

Yeye anakwenda Rombo peke yake, kikao ni tarehe 27.

Mama Wawili

"Sufuria kubwa uliweka wapi" 😂😂 Hiyo ndiyo baraka yenyewe, dada. Kwangu ilikuwa funguo za banda.

Senene Mkavu

Mrejesho wa pili, naandikia Bukoba, tarehe 28, mtandao unakuja na kuondoka.

Mkesha tulikwenda misa, mimi mkono huu, mwanangu wa kwanza mkono ule, mama katikati na tochi. Hakulia kanisani. Alilia asubuhi alipopakua, akajikuta ametoa sahani ya baba. Hakuirudisha kabatini. Mwanangu mdogo, wa miaka mitatu, akaivamia akaimaliza yeye.

Mama mkwe alinipa zawadi ya kumletea mama, aliituma Dar kwa basi kabla hatujaondoka: kilo mbili za kahawa ya Rombo. Kahawa, wakuu, kuleta Bukoba! Mama akaifungua, akainusa, akachukua punje moja akaitafuna kama anavyotafuna ya kwetu. Akaitema kwenye kiganja. Akaniambia, "Mwambie asante, ni nzuri sana," halafu akaifunga vizuri akaiweka kabatini kwenye vyombo vya wageni. Sasa hivi anahangaika atamrudishia nini, kaniuliza mara tatu kama Wachagga wanakula senene.

Mume alipiga siku ya Krismasi saa nane mchana. Uso umejaa jasho, nyuma yake moshi. Anauliza machalari, zile ndizi za nyama, chumvi inawekwa saa ngapi.

Kuhusu kopo la Blue Band: lilikwisha siku ya kwanza. @Kijukuu cha Pangani hakuna cha kuuza, pole.

Kijukuu cha Pangani

Nimesubiri mwezi mzima kwa ajili ya hilo jibu.